Ufunguo kwenye Pindo la Kanga

"Nipe ufunguo, mama," Leokadia alisema huku amenyoosha mkono.

Wanawake waliokuwa jikoni wakageuka kumtazama. Tangu Leokadia alipoacha pombe, mwaka wa pili sasa, chupa zote za nyumba ile zilifungiwa kabatini, na ufunguo ulilala kwenye pindo la kanga ya mama yake. Lakini leo mdogo wake alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, wageni wote wamevaa nyekundu na njano, na hakuna aliyejua kuchanganya kinywaji cha rangi hizo kama yeye.

Mama akalifungua fundo la kanga taratibu, akafungua kabati mwenyewe na kutoa chupa ya vodka.

Leokadia akatanguliza juisi nyekundu ya maua ya rosela iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa nzito, ikatulia chini ya glasi. Juisi ya embe akaiteremsha juu ya mgongo wa kijiko, kidogokidogo, isije ikaichafua ile nyekundu. Kisha akafungua vodka. Harufu ikampanda puani; akaijua, akaiacha ipite. Vodka ikakaa juu ya embe, angavu kama kioo.

"Onja wewe," akamwambia mama. "Mimi zamu yangu ilishapita."

Mama, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani, akapiga funda moja. Akaongeza la pili.

"Kumbe ni tamu hivi," akasema polepole.

Uani ngoma ikaanza. Mama akajifunga kanga kiunoni, akatoka akicheza na glasi yake mkononi. Mezani, kando ya chupa ya vodka iliyo wazi, aliuacha ufunguo.

Leokadia akautazama, kisha akavuta glasi ya pili, ya mgeni, na kuanza upya na rosela.