Shibiri Kumi kwa Sita

Shangazi mtu aliinama, akachungulia ndani ya kile kichumba cha kadibodi, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Hii ndiyo stoo niliyokutesea? Humu si unaingia na kitanda, na mke, na redio mezani?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Fundi wa vielelezo vya nyumba, aliyekuwa ameegemea ukuta akingoja kusifiwa, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mteja wake, mpakia magunia waliyemwita Jabali kwa ule mwili wake, alikuwa amesimama kando yake. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: shangazi yake akiri mbele ya ndugu kwamba kwa miaka miwili alimlaza mahali pasipofaa mtu. Nyumba yenyewe ilishabomolewa. Ushahidi uliobaki ulikuwa karatasi ya vipimo, na mkono wa fundi.

Jabali akatoka bila kuaga.

Fundi alirudi karakanani na kielelezo kwapani, akipita vichochoro vya nyuma asikutane na mtu. Akaikunjua tena ile karatasi ya daftari. Urefu shibiri kumi. Upana shibiri sita. Kimo shibiri nane. Herufi zilipishana kama kuku waliotimuliwa bandani. Siku aliyoipokea alitania, "Kaka, vipimo nimeviona, ila huu mwandiko nao unahitaji rula." Jabali aliishia kutazama viatu vyake.

Hesabu aliifanya kwa mbwembwe. Shibiri yake mwenyewe ni sentimita ishirini na mbili; akazidisha, akagawanya kwa kumi, akakata kadibodi huku akipiga mluzi. Hakumpima mwenye shibiri. Miaka ishirini kazini, halafu kosa la mwanagenzi.

Akachukua tepu, akamfuata Jabali nyumbani.

"Nimekuja kuomba radhi, kaka. Nilipima kwa mkono wangu badala ya wako. Nipe kiganja, nitengeneze kingine, na kwa shangazi yako nitakipeleka mwenyewe."

Jabali alisita. Kisha akautandaza mkono mezani, mpana kama sinia. Fundi akavuta tepu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho.

Sentimita ishirini na sita.

Akapiga hesabu kimoyomoyo. Chumba cha kwanza kilikuwa na urefu wa mita mbili na ishirini. Hiki kingefika mbili na sitini. Badala ya kupungua, stoo ilikuwa inanenepa. Wazo likamjia, naye akaona haya kuwa nalo: huenda jitu hili lilikuwa linamsingizia mama wa watu.

"Kaka," alisema, macho yake kwenye tepu, "kwa mkono huu, shangazi yako atacheka mara mbili. Labda tuliache."

"Na wewe huniamini."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Wote mnasema hivyohivyo, mnatofautiana adabu tu."

Fundi alianza kuikunja tepu.

"Ngoja," Jabali alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ndogo kuliko kifua ilimotoka. "Mimi ndiye niliyekosa. Sikukwambia yote. Nikijitazama nilivyo, naona aibu hata kulitamka."

Aliinuka, akaenda mlangoni, akaita uani. Binti yake akaingia mbio na sare ya shule, vumbi magotini. Alikuwa darasa la pili.

"Weka kiganja hapa mezani, mama. Kitanue vizuri, fundi akipime," Jabali alisema. "Mkono niliopimia ulikuwa kama huu."

Tepu ilisoma sentimita kumi na nne.