Baiskeli Mbili za Mbuthia

Phyllis alianguka hata kabla hajapanda. Alipitisha mguu juu ya baiskeli ya buluu, sketi ikanasa kwenye kiti, na wote wawili, yeye na baiskeli, wakalala chini mbele ya duka la Mbuthia pale Sotik.

"Baiskeli iko salama," Mbuthia akasema baada ya kuikagua. "Na wewe je, Mama Fancy?"

Shirley, binti yake Mbuthia, aliingia dukani upesi ili acheke vizuri.

Mbuthia alikuwa ameleta baiskeli za milimani kutoka Nakuru, zile za tairi pana na giya nyingi, na hakuna aliyenunua hata moja. Watu walizishangaa tu kama ng'ombe wa pembe tatu. Ndipo yeye na chama cha maziwa wakapanga mashindano ya akina mama: baiskeli angeazimisha yeye, zawadi itoke kwa chama. Zawadi yenyewe ilikuwa mtamba wa gredi, ng'ombe wa maziwa mengi, karibu kuzaa.

Kwa mtamba huyo, Phyllis angekubali kuanguka hadi Krismasi. Ng'ombe wao wa pekee alikufa wakati wa kiangazi, na tangu hapo nyumba nzima ilikunywa turungi. Hebu fikiria, kuchuma majani chai tangu alfajiri, halafu chai yenyewe unainywa nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria. Kila mgeni alipopiga hodi, Phyllis alipenya ua kwenda kwa jirani kuomba kikombe cha maziwa, na jirani alikuwa ameanza kuchelewa kuitika.

Shirley, aliyeendesha baiskeli tangu utotoni, alikuwa ameshachagua yake, nyekundu. Washindani wengine wawili nao walikuwa wameshachukua zao. Zilibaki mbili.

"Chukua hii ya buluu," Mbuthia akasema. "Ni nyepesi. Ukiigusa tu, uko Kisii."

"Na ile ya kijani?"

"Ile ni nzito kama bibi harusi asiyetaka kwenda. Breki zake ukizipumulia tu, zinashika."

"Giya yake ndogo kabisa ni ipi?"

"Hii hapa, ya kupanda mlima. Lakini mama, nani anataka giya ndogo? Mtu akinunua baiskeli..."

"Sikuja kununua."

"Najua. Ni mdomo umezoea."

Phyllis akazijaribu zote, mara hii sketi ameifunga kiunoni juu ya suruali ya mumewe. Ya buluu ilimchukua mbio ikampeleka kwenye magunia ya mahindi ya duka la pili. Ya kijani ilikataa kwenda. Akakanyaga, ikaguna. Akakanyaga tena, ikasogea kidogo kama mzee anayeamshwa ibadani. Phyllis akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nipe hii," akasema.

Mbuthia na binti yake wakatazamana. Shirley hakucheka tena.

Wiki hiyo, kila jioni, Kiplangat mumewe alimshikia kiti kwenye barabara ya murram inayopita kati ya michai. Siku ya kwanza waliingia kwenye chai pamoja, na kutoka pia walitoka pamoja, wakiokota majani nyweleni. Siku iliyofuata Kiplangat aliachilia kiti bila kumwambia, akawa anatembea kando yake huku akitafuna hindi la kuchoma.

"Mama Fancy, mimi natembea tu, na nakupita."

"Kula mahindi yako."

"Kuna konokono hapa nyuma anaomba njia."

Phyllis alicheka, na akicheka baiskeli inayumba, na ikiyumba anaanguka. Ikabidi wakubaliane kwamba mtu akiwa juu ya baiskeli hachekeshwi. Makubaliano hayo yalidumu mpaka kwenye kona.

Jioni ya mwisho, Kiplangat alimaliza hindi zima na kuanza la pili kabla hawajafika kwenye lango la kanisa.

"Sasa uko tayari," akasema. Phyllis akamtazama. Hakuwa akitania.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya lori la maziwa. Firimbi ikalia.

Shirley akatangulia. Ile nyekundu ilienda kama iliyosikia harufu ya nyumbani, naye ameinama juu ya usukani, ameuma meno. Kemuma, mama mmoja kutoka upande wa Kisii, akamfuata. Celine, mshindani wa nne, akayumba, akaweka mguu chini, akatolewa.

Phyllis alikuwa nyuma yao wote. Vidole vilishika breki, macho yalikuwa kwenye tairi la mbele, na mguu ulikanyaga kwa adabu. Kuku akakatiza mbele yake, akasahau kitu, akarudi alikotoka.

"Mama Fancy," mtu akaita kutoka juu ya lori, "tukuletee chakula cha jioni?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Phyllis akauma ulimi asije akacheka nao. Kwenye kamba iliyozuia watazamaji, Kiplangat alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza kama anayeomba.

Shirley akavuka mstari. Kemuma akavuka. Phyllis akabaki peke yake katikati ya uwanja mpana, jasho likimwingia machoni, na mstari uko mbali bado. Watoto walianza kumhesabia kila mzunguko wa tairi. Mwishowe naye akavuka, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kipkemboi, mwenyekiti wa chama cha maziwa, akainua kipaza sauti.

"Shirley, wewe umetangulia kufika, kwa hivyo pole sana, kaa kivulini upumzike. Haya yalikuwa mashindano ya kwenda polepole, na kwa polepole hakuna wa kumshinda Mama Fancy. Mama, njoo uchukue ng'ombe wako."