Mate ya Bi Hadia

Siku aliyozikwa Bi Hadia, sindano yake iliendelea kushona. Ndivyo zilivyo sindano za kijijini siku hizi: zikishajifunza mkono wa mwenyewe, haziuachi hata akifa. Watu wakisoma hitima barazani, chumbani kofia ya viua aliyoiacha nusu ilikuwa ikizunguka taratibu juu ya mkeka, pasipo mtu.

Jambo moja tu liliishinda. Bi Hadia alizoea kulowesha uzi kwa mate kabla ya kuutunga. Basi uzi ulipokwisha, sindano ilipanda ikasimama hewani, pale ulipokuwa ukifika mdomo wa Bi Hadia akiketi, ikangoja. Binti yake, Mize, akakaa mahali pa mama, akaulamba uzi mpya, akautunga.

“Mtu aliyekuwa hataki kuazima hata mkasi,” jirani yao Bi Riziki alimtania, “leo anakuomba mate!”

Mize akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Tangu hapo hakwenda mbali, hata harusini. Kuulowesha uzi ndilo jambo pekee lililobaki la kumtendea mama yake.

Msimu wa karafuu mvua ikamzuia shambani kutwa. Aliporudi alikimbilia chumbani. Sindano haikuwa ikingoja, ilikuwa ikishona. Akagusa mkia wa uzi kwenye tundu. Ulikuwa umelowa, tena una uvuguvugu.

“Uliingia kwetu, Bi Riziki?”

“Niingie vipi, mwanangu? Ufunguo si unao wewe?”

Siku hizi Mize huenda harusi zote. Akirudi, hukuta uzi mpya umeshatungwa, na bado umelowa.