Ovaroli ya Mstaafu

Kila asubuhi mume wangu, mstaafu wa miaka sabini na mbili, huvaa ovaroli ya kiwanda cha saruji na kukipigia saluti kisanduku cha dawa cha bima ya kiwanda hicho, kilichopo ukutani kwetu. Asipopiga, hakifunguki.

Leo kilipotema vidonge vyetu, nilishindwa kuvumilia.

"Baba Tumsifu, mimi naona kinyaa! Hamia bima ya serikali, inatoa dawa bila upuuzi huu."

Nikakiuliza kisanduku chenyewe namna ya kumhamisha.

"Inawezekana," kikajibu kwa sauti ya meneja wa zamani wa mume wangu. "Ila serikali itamhudumia yeye peke yake. Vidonge vyako vya presha, mama, vitakoma siku hiyohiyo."

Baba Tumsifu aliinamisha uso. Kumbe alijua siku zote.

Nikameza kidonge changu, kisha nikachomeka pasi, nikaanza kunyoosha ovaroli ya kesho.