Bangili ya Mama Mkwe

Siku hizi hakuna anayetunukiwa shahada ya uzamili ya uuguzi wa familia kabla hajabeba maumivu ya watu wa nyumbani kwake kwa siku thelathini. Wao huvaa bangili, naye huyasikia mwilini mwake. Akilala kitandani kwa maumivu hata siku moja, anarudia mwaka.

Nyamizi alikuwa katika siku ya ishirini na tisa. Jino la mwanawe likimpwita, mgongo wa mumewe ukimkata, naye akisonga ugali vivyo hivyo. Kurudia mwaka? Thubutu!

Kwa mama mkwe tu ndiko alikokuwa hasikii kitu. "Sijambo, mwanangu," Bibi Kalunde alijibu kila asubuhi.

Siku hiyo, akikusanya nguo za kufua, Nyamizi aliikuta bangili ya mama mkwe imefungwa kwenye pindo la khanga. Akamfuata uani alikokuwa akipepeta mchele, akapiga goti, akamvisha.

Maumivu yakamchoma chini ya ziwa la kushoto, hata akashika ukuta.

"Nivue, mwanangu. Kesho unamaliza."

Nyamizi akaikaza bangili. "Tangu lini, mama?"

Bibi Kalunde akautua ungo.

"Tangu ulipoanza masomo."