Chapa ya Kuuma

Binti alichukua kadi nyeupe, akachovya kidole kwenye wino, akapaka kidogo tu pembeni ili inukie. Kadi haikuwa na herufi hata moja. Akaipuliza ikakauka, akavuka ua, akampelekea baba yake kama kazi aliyoichapa wiki ile.

Mzee alikuwa ameketi mlangoni. Macho yake yalikufa yote mawili tangu kabla binti hajafikiria kuifufua mashine ya kuchapia. Akaipokea kadi kwa mikono miwili, akainusa, halafu akapitisha kidole gumba mbele na nyuma, taratibu.

"Safi," alisema. "Haina doa."

"Nimejitahidi, baba."

"Imeandikwa nini?"

Hapo ndipo aibu ilipompanda binti mpaka masikioni. Akatunga bwana harusi, akatunga bibi harusi, akatunga na ukumbi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Mkono wako mwepesi sana, mama," akasema, akaitia kadi mfukoni.

Mwepesi! Jamani, laiti angejua. Mzee alikuwa mpanga herufi wa zamani, wale wa kuokota herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye droo na kuzipanga kichwa chini, zimegeuka kama kwenye kioo, huku vidole vikizisoma na mdomo ukipiga soga na mwenzake. Kwake yeye chapa nzuri ni ile inayogusa karatasi ikaondoka zake. Ukipapasa ukakuta shimo, basi aliyechapa ni mchinjaji, siyo fundi. Kugandamiza kunaponda herufi, na herufi ikishapondeka ndiyo basi tena, haioti nyingine. Enzi zake, aliyeuma karatasi namna hiyo alirushiwa karatasi hiyo hiyo usoni, wateja wakiangalia.

Na wateja wa siku hizi, wao wanataka nini? Shimo! Kadi laini wanaipata kwa kompyuta, duka la pili tu hapo. Kwa binti wanakuja ili wapapase, wasikie herufi ilivyozama, waseme "aaah." Basi akanunua karatasi nene kama soli ya ndala, akaikaza mashine, akauma. Aliuma mpaka mgongo wa kadi ukatuna. Kazi zikamiminika, watu wakamsifu, na kila sifa ilimchoma kama kaiba.

Angemwambia vipi baba yake? Mashine ni ya mzee, herufi ni za mzee, na siku alipomkabidhi funguo alimwambia neno moja tu: "Usiniaibishe." Kadi ya kweli asingethubutu kumpa, vidole vile vingemuumbua papo hapo. Akaona afadhali nyeupe. Alidhani atafanya hivyo mara moja tu, yaishe, kumbe uongo ukimkalia mtu vizuri haondokani nao haraka. Kila Jumamosi akawa anavuka ua na kadi yake tupu, na kila akirudi anashindwa kujitazama kwenye kioo cha sinki.

Jumamosi moja alikuja bibi harusi mtarajiwa kuchukua kadi zake. Dada huyo mdomo wake hauna breki. Binti alikuwa bado anafunga mzigo wakati mzee alipotokea mlangoni, mkono ukipapasa ukuta. Tangu macho yafe, hakuwa amekanyaga chumba kile cha mashine.

"Asubuhi nzima nasikia mashine inaguna," alisema. "Nimekuja kuijulia hali."

"Shikamoo mzee!" Mteja akaruka. "Kumbe ndiyo wewe baba yake fundi? Hebu shika, shika usikie ilivyozama! Binti yako hana mpinzani!"

Akamsukumia kadi mkononi.

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze, na mashine yenyewe iingie naye. Alitaka kuipokonya ile kadi, mkono ukagoma. Mzee akapitisha kidole mbele. Kidole kikazama. Kikasimama pale pale, na uso wa mzee ukakunjamana.

"Baba," binti akaanza. "Nilitaka kukuambia siku nyingi. Nimekuaibisha. Zile nilizokuwa nakuletea..."

"Nyamaza kwanza."

Akaipindua kadi, mgongo juu. Akaizungusha tena, kichwa chini, kama alivyozoea kuzipanga herufi zake. Binti akafumba macho, akaukaza uso wake kungoja kadi ije. Ilistahili ije. Alingoja, akangoja, haikuja.

Alipofumbua, kidole cha mzee kilikuwa kinatembea mgongoni mwa kadi. Kilianzia chini, kushoto, kikaenda kulia juu ya vituta vidogo vidogo, kikakwama, kikarudi, kikaendelea. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Tuna... tunayo furaha," alisema. "Ku... kukualika."

Bibi harusi akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mzee hakujali. Alisoma mstari wa pili, akasoma wa tatu, mpaka akafika kwenye jina la dada wa watu na kulitaja lote bila kukosea. Akapangusa pua kwa mkono wa shati, akaunyoosha mkono kwa binti yake.

"Lete nyingine," alisema. "Yenye maneno, mama. Siyo zile zako za Jumamosi."