Baada ya Saa za Kazi

Sheria za kazi hubadilika kila Jumatatu, na spika ya jikoni hunisomea mpya nikiwa nakoroga uji. Ya leo inasema kumshika mtoto wa mwajiri baada ya saa kumi na mbili jioni ni kazi ya ziada, nayo ni marufuku. Kamera ya sebuleni ikimnasa yaya, anahamishiwa nyumba nyingine.

Jioni, giza limeshaingia, mwanangu Lubna aliachia kochi, akapiga hatua zake za kwanza. Akaelekea kwa yaya wetu, Zawena.

"Mama Lubna, si umwite!"

"Namwita, mwenzangu. Kwani ananisikia?"

Ningeweza kumnyakua, lakini ndiyo kwanza anatembea. Zawena akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono kaificha ndani ya khanga. Lubna akacheka, akidhani ni mchezo, akazidi kuja.